Kabla Kiendelezi Hakijaingia Dukani

Kila unapoongeza kiendelezi chenye tamaa kwenye Chrome, kidirisha kidogo hukuonya kwamba kitaweza kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote. Chini yake kuna vitufe viwili. Wengi wetu hubonyeza cha kukubali kabla macho hayajamaliza mstari, maana tunachokitaka tumeshakiona: kizuia matangazo, kisahihisha Kiingereza cha barua za kazini, au kile kinachoufanya ukurasa uwe mweusi usiku ili macho yapumzike.

Onyo hilo halina chumvi hata chembe. Kiendelezi chenye ruhusa hiyo kinaona salio lako la benki, majibu ya maabara, barua ya wakili, na nenosiri unaloliandika herufi moja moja. Kinaweza pia kubadilisha namba ya akaunti iliyo kwenye ankara mbele ya macho yako, ukalipa ukidhani umemlipa anayekudai. Alama ya kufuli ambayo baadhi ya vivinjari huionyesha kwenye upau wa anwani haikusaidii kitu hapo. Usimbaji fiche hulinda data ikiwa safarini kati ya seva na kompyuta yako. Kiendelezi kinakaa pale safari inapoishia, ukurasa ukiwa umeshafunguliwa na unasomeka.

Kwa miaka mingi kizuizi kilikuwa ujuzi. Chrome iliruhusu viendelezi kwa watu wote Januari 2010, Firefox ikiwa imetangulia kwa miaka kadhaa, na aliyetaka kutengeneza chake alilazimika kujua JavaScript, kusoma nyaraka ndefu na kukesha. Kizuizi hicho kimeanguka. Februari 2025 Andrej Karpathy, mmoja wa waanzilishi wa OpenAI, aliupa jina mtindo mpya wa kazi: vibe coding. Unaieleza akili unde unachotaka kwa maneno ya kawaida, inaandika, unakubali bila kusoma, na mambo yakigoma unairudishia ujumbe wa kosa mpaka yatulie. Karpathy mwenyewe alisema mtindo huo si mbaya sana kwa miradi ya wikendi ya kufanya na kutupa. Sehemu hiyo ya maneno yake haikusambaa sana.

Hakuna programu inayouelekea mtindo huu kama kiendelezi. Ni faili chache, mistari mia mbili au tatu, na matokeo unayaona papo hapo. Ada ya kujisajili kama msanidi kwenye duka la Chrome ni dola 5, inayolipwa mara moja tu. Jumamosi asubuhi mtu ana wazo, jioni ana faili la zip lililo tayari kupakiwa, na wiki inayofuata linaweza kuwa ndani ya kompyuta za watu asiowajua.

Tabu ni kwamba akili unde hupenda kuongeza. Imefunzwa kukupa kitu kinachofanya kazi, na njia ya mkato ya kufanikisha jambo kwenye kivinjari ni kuomba kila ruhusa, kuvuta kila kifurushi cha msimbo na kusikiliza kila ujumbe unaopita. Kukifanya kiendelezi kiwe salama ni kazi ya kupunguza. Kazi hiyo haimo kwenye ombi lako, kwa hiyo mashine haiifanyi, na ukiitazama skrini hutaona kwamba haikufanyika.

Tuchukue kiendelezi ambacho mtu wa Dar es Salaam anaweza kukiagiza leo: nikiwa kwenye duka la mtandaoni la nje, nionyeshe bei ya dola kwa shilingi. Ombi ni sentensi moja. Punde unarudishiwa folda yenye faili la manifest.json, hati inayoingia ndani ya kurasa, hati nyingine inayofanya kazi nyuma, na kidirisha cha mipangilio. Unakipakia kwenye Chrome, unafungua ukurasa wa viatu, na pembeni ya dola 40 pamejitokeza shilingi. Raha tupu.

Sasa fungua manifest.json. Hilo ndilo tamko la kiendelezi kwa kivinjari: mimi ni nani, nafanya nini, nahitaji kuingia wapi. Mara nyingi utakuta humo <all_urls>, yaani tovuti zote, likifuatana na tabs, cookies na scripting. Kibadilisha bei kinataka vidakuzi vya nini? Hakivitaki. Mashine imeona mifano mingi iliyoviomba, nayo ikaviomba. Ni fundi aliyekuja kubadilisha balbu ya sebuleni akadai funguo za vyumba vyote na ya gari. Kata. Kama mtumiaji yuko radhi kubonyeza alama ya kiendelezi kila anapotaka kuona shilingi, ruhusa iitwayo activeTab inatosha: kiendelezi kinaufikia ukurasa ulio mbele yake kwa wakati huo tu, kwa kuwa amebonyeza, na lile onyo la kutisha halitokei kabisa. Kama ni lazima kifanye kazi chenyewe, taja maduka matano au sita kwa anwani zake. Mengine yawekwe kwenye ruhusa za hiari, zinazoombwa siku mtumiaji atakapoyahitaji.

Hapo kuna kanuni ya Chrome ya kuikumbuka. Toleo jipya likiomba ruhusa nzito kuliko la zamani, kiendelezi huzimwa mpaka mwenye kompyuta akubali upya. Wasanidi wengi huiona kanuni hiyo kama kero inayowapotezea watumiaji, na huikwepa kwa kuomba kila kitu siku ya kwanza. Anayefaidika na ujanja huo tutamkuta mbele.

Baada ya ruhusa, tafuta siri. Huduma nyingi za viwango vya kubadilisha fedha hukupa ufunguo wa API, yaani msimbo wa siri wa kuzitumia, na akili unde, isipoelezwa vingine, itauandika katikati ya msimbo kwa herufi kubwa kabisa: const API_KEY. Kiendelezi ni faili la zip lenye jina jingine. Yeyote aliyekisakinisha anaweza kukifungua na kusoma kila mstari, na wapo wanaopita dukani kwa roboti wakitafuta funguo za namna hiyo. Hili haliwapati wanagenzi peke yao: mwaka 2025 watafiti wa Symantec walionyesha viendelezi maarufu vyenye mamilioni ya watumiaji vilivyokuwa na funguo za siri ndani ya msimbo wake. Dawa ni kuuweka ufunguo kwenye seva yako ndogo, ambayo kazi yake ni kutoa namba moja tu, kiwango cha leo. Seva hiyo haina haja ya kujua mtumiaji yuko ukurasa gani. Akili unde, kwa hisani yake, huweza kuambatanisha anwani ya ukurasa kwenye ombi kwa ajili ya takwimu. Hakuna aliyeomba takwimu. Futa.

Halafu tazama jinsi shilingi zinavyoandikwa ukurasani. Ukikuta innerHTML, simama. Amri hiyo huchukua maneno na kuyafanya sehemu hai ya ukurasa, pamoja na amri zozote zilizojificha ndani yake. Muuzaji mwenye nia mbaya akiandika jina la bidhaa kwa ustadi, na kiendelezi chako kikalichukua na kulirudisha kwa innerHTML, umempa mlango ambao tovuti yenyewe ilikuwa imeufunga. Amri ya textContent inaandika maneno yakabaki maneno. Kosa hili ni la zamani na linajulikana, lakini mashine hulirudia kwa kuwa limejaa kwenye mifano iliyoisoma. Kampuni ya Veracode ilipima mifumo zaidi ya 100 ya akili unde mwaka 2025 na kukuta asilimia 45 ya majaribio yaliingiza kasoro ya usalama. Kwenye majaribio yaliyohusu kupenyeza amri ndani ya ukurasa, mifumo ilishindwa kwa asilimia 86.

Mengine hayahusu wadukuzi ila yataharibu jina lako upesi. Kiendelezi kinasubiri mabadiliko ya ukurasa ili kibadilishe bei mpya zinapotokea. Kinaandika shilingi. Kuandika huko ni mabadiliko ya ukurasa. Kinaamka tena, kinaandika tena, na baada ya muda feni ya kompyuta inavuma na kichupo kimeganda. Kwenye kompyuta ya aliyekitengeneza jambo hili linaweza lisionekane, kwa sababu yeye alijaribu ukurasa mmoja wa viatu.

Baya zaidi ni hili. Msimbo unatafuta alama ya dola popote ilipo, na popote ni popote kweli. Dada mmoja yuko kwenye barua pepe anamwandikia mteja wake wa nje kwamba kazi itagharimu dola 300. Kisanduku anachoandikia, kwa kivinjari, ni sehemu ya ukurasa kama sehemu nyingine yoyote. Kiendelezi kinaiona ile $300 na kupachika shilingi katikati ya sentensi yake. Anatuma bila kuangalia. Akili unde haikukosea hesabu wala haikuiba kitu; haikuambiwa tu kwamba sehemu anazoandika mtu haziguswi. Ongeza dola za Kanada na za Australia, zinazotumia alama ileile, na maduka makubwa ambayo huigawa bei vipande vitatu, alama, dola na senti, kila kimoja kwenye kisanduku chake ndani ya ukurasa. Kila moja ya hizi ni jaribio la kufanywa kwa mkono, kwenye wasifu mpya wa kivinjari usio na kumbukumbu zako wala akaunti zako, kabla mtu mwingine hajakigusa.

Kuna tatizo la umri wa mifano pia. Viendelezi vya Chrome vilihamishwa kutoka mfumo wa Manifest V2 kwenda V3, na mwaka 2025 Chrome ilimaliza kuuzima ule wa zamani. Maandishi mengi yaliyoko mtandaoni ni ya enzi za zamani, na mashine inayachanganya yote bila aibu: faili linasema V3, msimbo wa ndani ni V2. Hapo una bahati, maana kitakataa mapema. Kasoro mbaya ni ile inayofanya kazi nusu saa ya kwanza. Katika V3 ile hati ya nyuma haikai macho muda wote. Ikikosa kazi kwa sekunde 30, Chrome huizima. Mashine ikikuandikia kipima muda cha kawaida cha kuleta kiwango kipya kila baada ya saa sita, kipima muda kitakufa pamoja na hati yake, na wiki ya pili watu watakuwa wananunua kwa kiwango cha wiki ya kwanza. Chrome ina alarms kwa kazi hiyo, na kinachotakiwa kukumbukwa kihifadhiwe kwenye storage.

Ninalolihofia kuliko yote kwenye msimbo wa aina hii ni mstari mmoja usio na sura mbaya. Hati iliyo ndani ya ukurasa hutuma ujumbe kwa hati ya nyuma: niletee data kutoka anwani hii. Hati ya nyuma inaleta. Akili unde hupenda kuifanya sehemu hii iwe ya jumla, ilete chochote kutoka popote, ili iweze kutumika tena. Sasa kumbuka kwamba hati ya nyuma yenye ruhusa pana inaweza kufika kwenye tovuti ambazo mtumiaji ameshaingia, ikibeba vidakuzi vyake. Tovuti ovu ikipata namna ya kupitisha anwani kwenye ujumbe huo, haihitaji kukudukua. Inakituma kiendelezi chako kwenye barua pepe ya mtu, nacho kinairudishia kilichomo. Hati ya nyuma ikubali maombi mawili au matatu yenye majina, ikatae mengine yote, na kabla ya kujibu iangalie ujumbe umetoka kwa nani.

Vifurushi vya nje viangaliwe kwa jicho kali. Watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani walikusanya sampuli 576,000 za msimbo kutoka mifumo 16 ya akili unde na kukuta karibu kifurushi kimoja kati ya vitano vilivyopendekezwa hakipo duniani; mashine ilibuni jina. Fursa ya mhalifu hapo iko wazi: sajili jina lililobuniwa, weka sumu ndani, subiri mtu aliyeambiwa na mashine yake akisakinishe. Kibadilisha bei cha mistari mia mbili hakihitaji kifurushi hata kimoja. Mashine ikikuletea, iulize kwa nini.

Na ndiyo, akili unde yenyewe inaweza kusaidia ukaguzi. Fungua mazungumzo mapya yasiyojua historia ya kazi yako, ipe msimbo, iambie imepewa jukumu la kuushambulia, na idai ushahidi wa kila shimo. Hupata mengi. Pia hubuni mashimo yasiyokuwepo na kusifia pasipostahili, kwa hiyo mwisho wa siku lazima awepo mtu anayeweza kusoma mistari yote na kusema kila mmoja unafanya nini. Watafiti wa Stanford walilionyesha hili mwaka 2022: waliopewa msaidizi wa akili unde waliandika msimbo wenye kasoro nyingi zaidi za usalama kuliko wenzao, na wakawa wepesi zaidi kuamini kwamba msimbo wao ni salama. Msimbo uliopangika vizuri, wenye maelezo ya Kiingereza safi juu ya kila kipengele, unashawishi. Huwezi kuusoma, usiutoe. Mlipe anayeweza, mistari mia mbili haimchukui mjuzi siku nzima.

Dukani kwenyewe pana ukaguzi, na watu huutegemea kuliko unavyostahili. Google hutaka kiendelezi kiwe na kusudi moja linaloeleweka, inakataa msimbo uliofichwa makusudi usisomeke, na V3 inakataza kuvuta msimbo kutoka seva ya nje baada ya kusakinishwa. Utaulizwa sababu ya kila ruhusa, moja baada ya nyingine, na ukikuta huna la kuandika kwenye kisanduku basi umepata jibu kuhusu ruhusa hiyo. Mozilla hudai msimbo asilia pale ulioupeleka ukiwa umebanwa na mashine, na kuanzia tarehe 3 Novemba 2025 kiendelezi kipya cha Firefox lazima kitamke ndani ya manifest.json kinakusanya data gani, hata kama jibu ni hakuna. Yote haya ni mazuri. Lakini tukio la Krismasi ya 2024 linaonyesha mipaka yake.

Cyberhaven ni kampuni ya California ambayo biashara yake, ajabu ya Musa, ni kuzuia data za kampuni zisivuje. Tarehe 24 Desemba 2024 mfanyakazi wake alipokea barua pepe iliyojitambulisha kuwa ya huduma kwa wasanidi wa duka la Chrome. Ilidai kiendelezi chao kimevunja kanuni na kitaondolewa. Alibonyeza kiungo kilichompeleka kwenye ukurasa halisi wa Google wa kuruhusu programu, na programu iliyoomba ruhusa iliitwa Privacy Policy Extension. Jina lisilo na kosa. Akaruhusu. Hakuandika nenosiri popote, kwa hiyo nenosiri halikuibwa. Alikuwa na uthibitishaji wa hatua nyingi na ulinzi wa juu wa Google kwenye akaunti yake. Havikuulizwa chochote, kwa sababu hakukuwa na mtu anayeingia. Alichokabidhi kwa mkono wake ni haki ya kupakia matoleo mapya ya kiendelezi.

Washambuliaji walichukua kiendelezi halali, wakaongeza msimbo wao, wakakiita toleo 24.10.4 na kukipeleka dukani. Kikapita ukaguzi. Kwa saa za Afrika Mashariki, kilianza kusambaa saa 10:32 alfajiri ya Krismasi, na dirisha la hatari lilifungwa saa 11:50 alfajiri ya tarehe 26. Watumiaji wapatao 400,000 walikuwa na kiendelezi hicho. Kila kivinjari kilichokuwa hewani kikajisasisha chenyewe katika saa hizo kiliweza kupata toleo lenye sumu bila mwenyewe kubonyeza kitu. Lengo lilikuwa akaunti za Facebook, hasa za matangazo ya biashara: tokeni za kuingilia, utambulisho wa akaunti, hata kutafuta picha za msimbo wa QR zinazotumika kwenye uthibitishaji. Uchunguzi uliofuata ulifichua viendelezi vingine zaidi ya 30 vilivyoguswa na wimbi hilo, vyenye watumiaji wapatao milioni 2.6 kwa pamoja.

Irudie sasa ile kanuni ya Chrome. Toleo jipya likiomba ruhusa mpya nzito, mtumiaji huulizwa. Lakini kiendelezi kilichoomba tovuti zote tangu siku ya kwanza hakina cha kuomba tena, na mwizi aliyeingia kupitia kwa msanidi wake anarithi kila kitu kimyakimya. Kibadilisha bei kilichobanwa kwenye maduka sita, kikitekwa, kitaharibu maduka sita. Kitaumiza watu, ila hakitasoma barua zao wala kugusa benki yao. Hii ndiyo sababu naweka ukataji wa ruhusa juu ya mengine yote, hata juu ya innerHTML: kasoro ya msimbo unaweza kuirekebisha kesho, ila ruhusa ulizoziomba ndizo zinazopima ukubwa wa maafa ya siku usiyoijua.

Kwa upande wa akaunti, mambo ni ya kawaida na hayafanyiki. Kiendelezi kiwe na akaunti yake ya msanidi, isiyotumika kufungulia barua pepe za kila siku. Orodha ya programu ulizoziruhusu ndani ya akaunti ya Google ipitiwe, na usiyoikumbuka iondolewe. Duka linakutaka uwe na uthibitishaji wa hatua mbili, na ufunguo halisi wa kuchomeka una nguvu kuliko ujumbe wa simu. Google sasa inakuruhusu pia kusaini matoleo yako kwa ufunguo unaoutunza wewe, ili atakayeiteka akaunti peke yake asiweze kupakia. Na barua inayodai kiendelezi chako kitafungwa leo isifunguliwe kwa kiungo chake. Nenda mwenyewe kwenye dashibodi ya duka, onyo la kweli litakuwa linakusubiri humo.

Akili unde nayo ihesabiwe hapa. Wasaidizi wa kisasa hawaandiki tu. Wanaendesha amri kwenye kompyuta yako, na baadhi ya watu huwapa hata tokeni ya kupakia toleo jipya dukani. Inapendeza kuagiza "rekebisha kisha toa" na kwenda kunywa chai. Mimi ningeacha hatua hiyo ya mwisho iwe ya kidole cha mtu, aliyelinganisha toleo la jana na la leo mstari kwa mstari.

Kuna njia nyingine ya kiendelezi kugeuka, nayo haihitaji mdukuzi. Kikipata watumiaji elfu kadhaa, barua za wanunuzi huanza kuingia. Msanidi wa Hover Zoom+ ameziweka hadharani kwa miaka barua za namna hiyo alizoletewa: weka msimbo wetu kidogo, tutakulipa kwa kila mtumiaji. Yeye hukataa. The Great Suspender, kilichokuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2 kwa kazi njema ya kulaza vichupo visivyotumika, kiliuzwa Juni 2020 kwa mmiliki asiyejulikana. Februari 2021 Google ilikiondoa kwa kuwa na programu hasidi. Watumiaji hawakuulizwa siku ya mauzo. Anayetengeneza kiendelezi kwa wikendi moja hakijamgharimu kitu, na kitu kisichokugharimu ni rahisi kukiuza.

Sheria pia imefika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina yake tangu 2019. Kijana wa Mwanza au Kisumu ambaye seva yake inapokea anwani za kurasa ambazo watu wanatembelea hawezi kujitetea kwamba mashine ndiyo iliyoongeza mstari huo. Njia nafuu ni kutokusanya. Kibadilisha bei kinachopokea kiwango na kufanya hesabu ndani ya kivinjari hakina taarifa ya mtu ya kuvuja, na sera yake ya faragha inaenea kwenye aya moja.

Utafiti mwingine wa Stanford, wa 2024, ulikuta takriban asilimia 60 ya viendelezi vya duka la Chrome havijawahi kusasishwa hata mara moja. Akili unde haitalipunguza kundi hilo. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza kitufe cha kupeleka dukani, msanidi aamue pia atakavyokiondoa, maana kukitoa dukani hakukitoi kwenye kompyuta za waliokwisha kukisakinisha. Kitaendelea kufanya kazi humo, na kitaendelea kuita seva yako. Njia safi ni kutoa toleo la mwisho linalofuta ruhusa, linaloacha kuwasiliana na seva, na linalomwambia mtumiaji kwamba huduma imesimama na jinsi ya kukiondoa. Lipe wiki kadhaa liwafikie hata wale ambao kompyuta zao huwashwa mara mojamoja, ndipo ukitoe dukani na kuufuta ufunguo wa API. Jina la kikoa usiliachie mwaka huohuo, kwa sababu atakayelinunua atapokea maombi ya kila nakala iliyobaki na kuyajibu anavyotaka. Kikoa cha .com hugharimu dola kumi na kitu kwa mwaka. Kilipie miaka miwili au mitatu zaidi.